Mtoto wa mbwa na saa zake mbili

Jumamosi moja ya Januari, jua la kaskazi limewaka hadi kunguru wamenyamaza, nilitoka Shanzu na mtoto wa mbwa ndani ya tuktuk. Alikuwa na wiki 8 na siku mbili, rangi ya kashata iliyozidi motoni kidogo, na kabla hatujavuka daraja la Nyali alikuwa amekwisha kunitapikia mara mbili. Jina alilipata hapo hapo: Kashata. (Kamusi zina neno zuri la mtoto wa mbwa, kilebu, lakini litamke mtaani uone utakavyoulizwa ni samaki wa aina gani.)

Nikafika nyumbani Tudor, hapa Mombasa, nikakuta ushauri umenitangulia. Daktari wa mifugo aliniambia kwa simu kwamba mbwa huyu asikanyage nje ya lango mpaka amalize chanjo, yaani wiki ya 16. Binamu yangu, aliyefuga mbwa wa ulinzi Mikindani miaka na miaka, akacheka. "Mfungie miezi miwili, halafu niite nije nikuonyeshe mbwa mwoga anavyong'ata." Mtandaoni nako watu walikuwa wamegawanyika vivyo hivyo, hawa wakisema mtoe, wale wakisema usimtoe, na kila upande ukiapa kwamba wenzao ndio wanaoua mbwa.

Ilinichukua muda kuelewa kwamba wote wasema kweli. Mtoto wa mbwa huja na saa mbili mwilini, kila moja ikienda mwendo wake, na zinagongana wiki zile zile tunazomleta nyumbani. Moja ni ya kinga. Nyingine ni ya woga. Ukiisikiliza moja tu, ya pili itakudai.

Nianze na ile ya daktari, kwa sababu ndiyo inayoua haraka.

Mbwa akizaa, maziwa yake ya kwanza ni yale mazito tuyaitayo dang'a. Ndani yake mna kingamwili, ambazo hapa nitaziita askari: mama amewakusanya maishani mwake kutokana na magonjwa aliyougua na chanjo alizochanjwa. Utumbo wa mtoto mchanga huwapitisha askari hao hadi kwenye damu, lakini kwa muda wa siku moja tu hivi. Baada ya hapo mlango hufungwa. Aliyenyonya vizuri siku ile huanza maisha na ulinzi wa kuazima. Aliyesukumwa na ndugu zake akakosa chuchu huanza mikono mitupu.

Cha kuazima hakidumu. Kila zikipita siku kumi hivi, askari hupungua kwa nusu, na hakuna wapya wanaoletwa. Mwili wa mtoto lazima uandikishe askari wake mwenyewe, na kazi ya chanjo ni kuufundisha kuwatambua maadui. Mle kichupani mna virusi vilivyodhoofishwa. Ni mwalimu aliyevaa nguo za mwizi, anaingia ili mwili uijue sura ya mwizi kabla mwizi mwenyewe hajafika. Sasa, askari wa mama hawakuambiwa habari hizo. Wao wanaona nguo za mwizi. Wanamkamata mwalimu langoni na somo linavunjika. Umelipia sindano, kadi imegongwa muhuri, na mwili haujajifunza chochote.

Je, askari wa mama wataondoka lini? Hakuna ajuaye kwa kumtazama mtoto usoni. Kwa mmoja ni wiki ya 6, kwa ndugu yake wa tumbo moja ni wiki ya 12, na wapo wanaofika karibu na wiki ya 16. Ndiyo maana sindano ya kwanza hupigwa kati ya wiki ya 6 na ya 8, kisha hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka wiki ya 16 ipite. Wengi hudhani sindano ya pili ni ya kuitia nguvu ile ya kwanza. Hapana. Ni kubisha hodi tena kuona kama mlinzi wa mlangoni ameshaondoka. Ile ya wiki ya 16 ndiyo yenye uhakika kuliko zote, na ndiyo watu huiruka, kwa sababu mbwa kashanenepa na pesa zina kazi nyingine.

Katikati ya hapo pana pengo baya. Zipo siku ambazo askari wa mama wamebaki wachache mno kumzuia mwizi wa kweli, lakini bado wanatosha kumfukuza mwalimu. Siku hizo mtoto hana ulinzi wa mama wala wake mwenyewe, hata kama kadi imejaa mihuri.

Pengo hilo nilikutana nalo kabla ya kulijua. Miaka kadhaa kabla ya Kashata nilinunua mtoto wa mbwa kando ya barabara. Alikuwa wa wiki 5 kwa makisio yangu ya sasa, ingawa muuzaji aliapa ni miezi miwili na kwamba "amechanjwa kila kitu". Nilimpeleka achanjwe sindano moja, nikaona nimemaliza, nikawa namtembeza jioni kama mtu mwenye mbwa. Wiki ya nne akakataa chakula asubuhi, akatapika mchana, na usiku akaharisha damu yenye harufu ambayo mtu akiisikia mara moja haisahau. Ilikuwa parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo wa mbwa. Alikwisha siku ya nne. Nikailaumu sindano kwa muda mrefu, kumbe haikuwa na kosa: ilibisha hodi mapema, ikafukuzwa, na mimi sikubisha tena.

Parvo ndiyo ya kuogopwa kuliko zote kwa sababu haihitaji mbwa mgonjwa awepo. Kirusi chake hutoka kwenye kinyesi, hukaa udongoni miezi mingi, hasa mahali penye kivuli, na husafiri kwa soli za viatu. Hapa sisi wa pwani tuna bahati ya mila: mgeni huvua viatu mlangoni. Desturi ile ile inayoweka mkeka safi humkinga mtoto wa mbwa, ilimradi viatu viwekwe asikofika. (Jozi moja ya makubadhi ya ngozi ilinifundisha sharti hilo.) Kama nyumba yako imewahi kufa mbwa kwa parvo, osha kwanza kwa sabuni, kisha pitisha jiki, sehemu moja kwa sehemu 30 za maji, uiache dakika kumi kabla ya kusuuza. Sabuni peke yake haiui kirusi hiki.

Mawili zaidi kuhusu sindano, kisha tusonge. Chanjo lazima ikae kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8 tangu kiwandani mpaka inapoingia mwilini. Kichupa kilichonunuliwa dukani na kutembezwa mfukoni kwa matatu katika joto la Mombasa kimekuwa maji ya bei ghali. Mwone daktari akiitoa frijini, na akuwekee kadini ile stika ya kichupa pamoja na sahihi yake. La pili ni kichaa cha mbwa: chanjo yake huchanjwa akifika miezi 3, hurudiwa mwaka ukitimia, na kuendelea kama daktari atakavyopanga. Hii humlinda mbwa, lakini zaidi yakulinda wewe na watoto wa jirani, maana kichaa dalili zikianza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Yeyote akiumwa na mbwa asiyejulikana aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo kama mkwaruzo wa paka.

Sasa saa ya binamu.

Huko Bar Harbor, jimbo la Maine nchini Marekani, katikati ya karne iliyopita, watafiti John Paul Scott na John Fuller walitumia miaka mingi kuwatazama watoto wa mbwa wakikua. Mwaka 1961 wenzao wa huko walichapisha jaribio moja ambalo bado linanishtua. Watoto wa mbwa walilelewa ndani ya uwanja wenye uzio mrefu bila kuonana na binadamu. Baadhi walitolewa wakiwa na wiki 2, wengine 3, 5, 7 na 9, wakakaa na watu wiki moja moja, wakarudishwa. Kundi la mwisho halikuguswa mpaka wiki ya 14. Wale wa katikati, hasa waliotolewa karibu na wiki ya 7, walizoea watu vizuri. Wale wa wiki 14 walikuwa kama wanyama wa porini. Kuwazoesha kulishindikana au kulikwenda kwa shida kubwa. Walikuwa mbwa wale wale, wakila chakula kile kile. Kilichowapita ni wakati tu.

Kuanzia wiki ya 3 hivi, ubongo wa mtoto wa mbwa umefungua daftari na unaandika: hiki ni cha kawaida, hiki ni cha kawaida, na hiki pia. Mwanzoni udadisi humzidi woga nguvu. Kadiri wiki ya 12 hadi 14 inavyokaribia, mizani hugeuka, na kila asichokiandika huanza kuwa cha kuogopwa mpaka kithibitishwe vingine. Daftari halifungwi kwa kufuli, mbwa mkubwa hujifunza pia, lakini somo la dakika tano huwa kazi ya miezi.

Piga hesabu. Nilimleta Kashata wiki ya 8. Daktari anasema subiri mpaka 16. Daftari linafungwa 12 mpaka 14. Nikimtii daktari neno kwa neno, nitamtoa nje siku ambayo kila kitu cha nje kimekwisha kuwa adui. Na hilo nalo huua, ila polepole: mbwa mwoga huuma, aliyeuma hufungwa mnyororo, na wa mnyororo mwisho wake tunaujua. Ndiyo maana jumuiya ya madaktari wa Marekani wanaoshughulikia tabia za wanyama hushauri mtoto wa mbwa aanze kuzoeshwa watu na mambo wiki moja tu baada ya chanjo ya kwanza na dawa ya minyoo, bila kungoja zote ziishe.

Jibu, kumbe, lilikuwa kwa jirani.

Ni bibi wa miaka sabini na kitu, mlango wake na wangu hutazamana. Siku ya tatu aliniita kutoka barazani kwake.

"Mwanangu, huyo mtoto yuwalia usiku kucha. Hamumpi kula?"

"Yuwala, mama. Yuwamtaka mamake."

"Haya. Lakini akinigusia leso zangu za kuswalia, tutakosana." Akaingia ndani, akatoka na kikapu kikuukuu cha ukili chenye vipini viwili. "Mbebe humu. Na usinirudishie."

Alikuwa anatatua tatizo lake, na hapo hapo akatatua la daktari na la binamu. Parvo hupatikana chini, kwenye mchanga na kinyesi. Woga hutibiwa kwa macho, masikio na pua. Mtoto wa mbwa aliye ndani ya kikapu huona kila kitu na hagusi chochote.

Hapa nieleze jambo ambalo miongozo ya mbwa iliyoandikwa ughaibuni haina. Waislamu wengi wa pwani hii ni wa madhehebu ya Shafi, na kwa Shafi mbwa ni najisi nzito: palipoguswa na mate yake huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa maji yenye udongo. Lakini kavu kwa kavu haihamishi najisi. Unyevu ndio wenye shida, yaani ulimi, pua na manyoya yaliyolowa. Wamaliki wana kauli nyepesi zaidi. Kufuga mbwa kwa kuwinda, kuchunga na kulinda shamba kumeruhusiwa katika hadithi za Mtume, na wanazuoni wengi huongezea ulinzi wa nyumba kwa kulinganisha. Na ipo ile ya mtu aliyemwona mbwa akilamba udongo kwa kiu, akateremka kisimani akamjazia maji kiatu chake, akasamehewa kwa hilo. Mimi si shehe, na anayetaka hukumu amwulize shehe. Ninachosema ni kwamba jirani anayekusanya kanzu yake ukipita na mbwa hana chuki na mnyama wako. Anaelekea msikitini, na ulimi mmoja tu utamrudisha nyumbani kubadili nguo. Kwa hiyo katika mji huu somo la kwanza la mtoto wa mbwa, kabla ya kukaa na kabla ya kuja akiitwa, ni kutomrukia mtu. Akiruka, geuka, usimtazame, usimguse. Miguu minne ikirudi chini, mpe kipande cha maini.

Basi tukatembea, mimi na kikapu. Dakika kumi asubuhi, kumi jioni, vipande vya maini yaliyochemshwa mfukoni. Tulikaa Mwembe Tayari mbali kidogo na stendi, mabasi yakiguruma. Tulikwenda Marikiti, akasikia mikokoteni na watu wakipigiana kelele za bei. Aliona mabuibui yakipepea, wanaume wa kanzu, watoto wa madrasa wakikimbia, mbuzi, paka wa Mji wa Kale ambao hawamwogopi mtu wala mbwa. Nilimpandisha feri ya Likoni mara mbili, kwenda na kurudi, kikapu kifuani. Muuza kahawa alipopita akiliza vikombe, Kashata aliinamisha kichwa upande mmoja, nikampa maini. Mara ya tatu, vikombe vikilia, yeye alinitazama mimi mfukoni. Hilo ndilo ulitakalo. Sauti imegeuka kuwa habari njema.

Kuna namna ya kuharibu zoezi hili, nayo ni kulazimisha. Mtoto akiganda, akipiga miayo bila usingizi, akijilamba midomo bila chakula, au akikataa maini anayoyapenda, umemsogeza karibu mno. Rudi nyuma hatua ishirini na umwache atazame toka huko. Tukio moja la kumtisha sana katika umri huu huandikwa daftarini kwa wino ule ule.

Adhana ni hadithi yake peke yake. Kashata aliposikia ya magharibi kwenye kipaza sauti cha msikiti wa karibu, aliinua shingo akalia uuuu, mtaa mzima ukacheka na kila mtu akatoa maelezo yake, mengine ya kutisha. Lakini mbwa huitikia hivyo king'ora pia: sauti ndefu inayopanda na kushuka hufanana na mbwa mwenzake akiita toka mbali. Nilianza kumpa kitu cha kutafuna dakika moja kabla, na baada ya wiki mbili mdomo ukawa na kazi nyingine.

Usiku wa kwanza ni mrefu kwa wote. Mtoto amelala juu ya ndugu zake tangu azaliwe, na sasa yuko peke yake gizani. Analia kwa sababu kwa mnyama mchanga kuachwa ndiyo hatari yenyewe. Miongozo mingi husema umwekee chupa ya maji moto. Hiyo ni ya nchi za baridi. Mombasa ya Januari utamchemsha. Kinachosaidia ni harufu: siku tatu kabla sijamchukua nilipeleka kipande cha leso kuukuu Shanzu, kikatandikwa alikolala mamake, nikarudi nacho. Kwa wasiotaka mbwa ndani ya nyumba, katoni iwekwe barazani na mtu alale karibu naye wiki ya kwanza, huku akisogezwa kidogo kidogo hadi penye makao yake ya kudumu. Ukimwacha alie mpaka achoke, atanyamaza kweli, ila kwa kukata tamaa.

Haja ndogo: mtoto wa miezi 2 hawezi kujizuia zaidi ya saa 3 hivi, na mchana ni chini ya hapo. Mtoe kila akiamka, akimaliza kula, akimaliza kucheza. Utamwona pua chini, anazunguka. Una sekunde chache. Akimalizia pale unapotaka, msifu hapo hapo, kabla hajanyanyua miguu. Kumsugua pua kwenye mkojo, kama tulivyoona wakubwa wetu wakifanya, humfundisha jambo moja tu, kwamba kukojoa mbele yako ni hatari, kwa hiyo atakojoa nyuma ya kochi. Meno: ana 28 ya utotoni, yanaanza kung'oka karibu na miezi 4, na mpaka miezi 7 atakuwa na 42 ya ukubwani. Atatafuna. Mpe kitambaa kilicholowekwa na kugandishwa frijini, na ufiche makubadhi.

Chakula kinahitaji neno refu zaidi, kwa kuwa hapa ndipo upendo wetu unapodhuru. Wiki ya kwanza mpe kile kile alichozoea alikotoka, hata kama ni kibaya, kisha changanya kipya kidogo kidogo kwa siku saba; ukibadili ghafla ataharisha nawe utadhani ni parvo. Alishwe mara nne kwa siku mpaka miezi 4, kisha tatu, na baada ya miezi 6 mara mbili. Ugali na mchuzi humjaza tumbo bila kumjenga mifupa. Anayekua ahitaji nyama, mayai, dagaa wasio na chumvi, na kalsiamu ya kutosha, na kama mfuko waruhusu, chakula cha mbwa kilichoandikwa ni cha watoto ndicho rahisi kupata vipimo sawa. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha wengi.

Na makombo ya arusi! Pilau, biriani, mchuzi wa nazi, vyote vya kwetu huanza na kitunguu, na kitunguu, kibichi au kilichopikwa, huvunja chembe nyekundu za damu ya mbwa. Kitunguu saumu vivyo hivyo. Zabibu huweza kumwua figo. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha. Sahani aliyoletewa Kashata na jirani mwingine, kwa moyo safi kabisa, ilikuwa na vyote vinne. Niliipokea kwa mikono miwili, nikashukuru, nikala mimi nyama.

Joto. Mbwa hatoi jasho ila kwenye nyayo. Hujipoza kwa kuhema, maji yakikauka ulimini. Hewa ya Mombasa imeshiba unyevu, kwa hiyo maji hayakauki upesi, na anaweza kuzidiwa siku ambayo wewe waona ni joto la kawaida. Kibanda cha mabati ni tanuri. Kibanda cha makuti, kilichoinuliwa kidogo toka ardhini na mlango ukielekea upepo, ndicho chake. Lami ipime kwa mgongo wa mkono: ukishindwa kuhesabu mpaka saba, yeye naye hawezi kuikanyaga. Joto lake la kawaida ni nyuzi 38.3 hadi 39.2. Akiyumba, ulimi umekuwa mwekundu sana na anahema bila kutulia, mmwagie maji ya bomba mwili mzima na umpepee hapo hapo, ndipo utafute gari.

Wadudu nitawapitia haraka. Minyoo huwaingia tangu tumboni mwa mama na kwa maziwa yake, kwa hiyo dawa hutolewa kila wiki 2 mpaka wiki ya 12, kisha kila mwezi mpaka miezi 6. Usipuuze: mabuu ya minyoo ya safura ya mbwa hukaa mchangani na kupenya ngozi ya mtoto anayecheza peku, yakiacha mstari unaopinda na kuwasha. Kupe wa kahawia wa mbwa huishi ndani ya nyumba, kwenye nyufa za kuta, na kuta zetu kuukuu za matumbawe zina nyufa zisizohesabika. Humletea mbwa homa za damu. Ila dawa ya kuogeshea ng'ombe usimpake kilebu, inaweza kumwua. Na dawa za mbwa zenye permethrini ni sumu kwa paka, nao katika mji huu hulala popote, pamoja na juu ya mbwa wako. Mwambie daktari uzito na umri, akupe inayofaa.

Pwani yenyewe ingoje chanjo ziishe. Baadaye, nenda na maji ya kunywa, maana akinywa ya chumvi ataharisha, na kagua ufukoni kabla yake. Bunju aliyetupwa na maji, hata akiwa amekauka, ni sumu tupu.

Kashata alimaliza sindano ya wiki ya 16 katikati ya Machi. Nikangoja siku kumi mwili ushike somo, kisha jioni moja nikaweka kikapu chini nje ya lango, akashuka mwenyewe. Tuktuk ilipita, hakujali. Mkokoteni, hakujali. Kijana wa boda akapiga honi ya makusudi, Kashata akanitazama mfukoni. Jirani yangu alikuwa barazani akitutazama, nami nikavimba kichwa.

Ndipo tone la kwanza la masika likaanguka, na bibi akafungua mwavuli. Kashata aliruka nyuma kama aliyepigwa na umeme, akarudi kikapuni asimoenea tena, kichwa ndani, makalio nje, akitetemeka. Tangu Januari hadi Machi haikuwa imenyesha hata siku moja ya kufungulia mwavuli. Nilimwonyesha mji mzima, mwavuli sikumwonyesha.

"Mbona ataka kurudi?" akauliza bibi.

Sasa tuna miezi mitano tukifanya mazoezi ya mwavuli. Uliofungwa tumeuzoea. Uliofunguliwa nusu, kwa hatua kumi, anakula maini akiutazama kwa jicho moja.